Gharama za huduma ya mkoba: zana nne mezani, na ipi inaifaa zahanati ya Moshi Vijijini

Kila msimu wa bajeti swali lile lile hurudi: mtoto mmoja kuchanjwa na kupimwa uzito chini ya mwembe, kilomita kadhaa kutoka zahanati, anagharimu shilingi ngapi? Anayeulizwa hutaja mafuta ya pikipiki na posho za wauguzi wawili, anagawa kwa idadi ya watoto, anaandika jibu. Kwa hesabu hiyo huduma ya mkoba huonekana ya bei chee, na fedha zikipungua ndiyo ya kwanza kukatwa, maana kwenye karatasi hakuna kikubwa kinachopotea. Mshahara haumo. Jokofu halimo. Saa nzima na zaidi ya njiani haimo.

Hapa tunapitia njia nne ambazo mratibu wa afya ya uzazi na mtoto, muuguzi mkuu wa halmashauri au mfawidhi wa zahanati anaweza kuzitumia kupata jibu linaloeleweka: programu ya OneHealth, kitabu cha Excel kiitwacho CORE Plus, kitabu kingine cha Excel kilichotengenezwa na UNICEF pamoja na shirika la MSH la Marekani kwa ajili ya huduma za afya ngazi ya jamii, na jedwali la kujitengenezea linalofuata dakika za kazi. Zote ni za bure. Unacholipa ni siku za kujifunza na siku za kukusanya takwimu, na kwa hilo zimepishana kama Kibo na Mawenzi.

Zote nne tumezipa kazi moja ya mfano. Zahanati iko njia ya Himo. Mara moja kwa mwezi wauguzi wawili wanashuka Kahe, kilomita 18 kwenda na 18 kurudi, wanahudumia watoto 24, wanarudi mchana. Bei na mishahara tuliyotumia ni ya mfano. Weka ya kwenu.

OneHealth: trekta la kulimia bustani ya mchicha

OneHealth ilitoka mwaka 2012 kutoka kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa, na imejengwa ndani ya programu ya Spectrum ya Avenir Health. Unaipakua, unaisakinisha kwenye kompyuta ya Windows, unachagua nchi, na tayari imebeba makadirio ya watu na magonjwa. Uzuri wake mkubwa ni kwamba gharama na matokeo vinakaa chungu kimoja: ukiongeza kiwango cha chanjo inakuonyesha shilingi zinazohitajika na vifo vinavyoepukwa.

Kwa wizara inayoandaa mpango mkakati wa miaka mitano, hakuna la kulinganisha. Kwa Kahe haisaidii. Inafikiri kwa nchi au mkoa. Inataka idadi ya watu wanaohitaji huduma, asilimia watakaofikiwa, na gharama ya wastani kwa kila mmoja. Hiyo gharama ya wastani ndiyo hasa unayoitafuta! Usipokuwa nayo, unabaki na tarakimu iliyokuja na programu, na hiyo haijui kwamba mwezi wa nne wakati wa masika barabara ya tambarare inageuka tope na safari ya dakika 50 inakuwa ya saa mbili. Ukiwa ngazi ya halmashauri, iache.

CORE Plus: nzuri ndani ya kuta nne

Hiki ni kitabu cha Excel cha MSH kilichokusudiwa vituo vya huduma za msingi. Kinakwenda kwa viambato: kwa kila huduma unaandika dakika za kila aina ya mtumishi, dawa, vifaa na vipimo, kisha idadi ya huduma kwa mwaka. Kinakupa gharama ya kila huduma kwa utaratibu unaotakiwa, na kuilinganisha na fedha na watumishi mlio nao. Muuguzi mfawidhi anayetaka kuonyesha kwamba watumishi watatu wanabeba kazi ya watano, hapa atapata karatasi ya kupeleka kikaoni.

Tatizo ni mkoba. Kitabu kimejengwa kwa kituo ambacho mteja anakifuata, wala hakikutarajia muuguzi anayemfuata mteja. Muda wa njiani hauna pa kukaa kwa urahisi. Wapo wanaouchomeka ndani ya dakika za huduma, kwamba chanjo moja ni dakika 28 badala ya 15. Jumla inatoka sawa, lakini mahitaji ya watumishi yanaharibika, kwa sababu kitabu sasa kinaamini hata mtoto anayechanjwa pale pale zahanati anachukua dakika 28. Kama ni lazima ukitumie, fungua huduma mbili tofauti: "chanjo kituoni" na "chanjo mkoba". Usizichanganye kamwe.

Jambo la pili la kuangalia ni viwango. Dakika zinazoandikwa ni za huduma iliyofanywa ipasavyo. Ukiandika dakika halisi za siku ya foleni ndefu, ambapo ushauri wa lishe umerukwa, unapata gharama ndogo ya huduma pungufu.

Kitabu cha UNICEF na MSH

Kinafanana na ndugu yake wa juu, ila hiki kimezaliwa kijijini. Kinaanza na idadi ya watu, kifurushi cha huduma za jamii, nani anatoa kila huduma na mara ngapi, kisha kinaongeza mafunzo, usimamizi, vifaa na uendeshaji wa ngazi za juu, na kukupa gharama za miaka inayofuata. Kwa mpango unaohusisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii ndicho cha kuanza nacho, maana kinakulazimisha kuhesabu vitu ambavyo hakuna anayevikumbuka: mafunzo ya marudio, watu wanaoacha kazi na kufundishwa wengine, safari za msimamizi kutoka halmashauri.

Kinachochosha ni wingi wa seli. Mtu mmoja akikaa nacho peke yake atajaza nusu kwa kubuni. Wakae watatu: anayejua huduma, anayejua stoo na bei, na mhasibu. Na kwenye simu msijaribu; majedwali haya yanataka kompyuta yenye Excel yenyewe.

Kinakupa mpango mzuri wa mwaka. Lakini ukitaka kujua kwa nini Kahe ni ghali kuliko Uru, utalazimika kushuka chini zaidi, kwenye siku yenyewe ya kazi.

Jedwali la mwenyewe, kwa dakika

Mbinu hii ilielezwa na Robert Kaplan na Steven Anderson mwaka 2004 kwa ajili ya makampuni, baadaye ikaingia hospitalini. Inahitaji namba mbili tu: dakika moja ya mtumishi ni shilingi ngapi, na kazi inachukua dakika ngapi. Zidisha. Ndiyo njia tunayoipa alama za juu kwa zahanati, kwa sababu kwenye uuguzi wa jamii gharama kubwa ni muda wa muuguzi, na hii ndiyo pekee kati ya nne inayouweka muda huo mwanzo.

Namba ya kwanza ndiyo inayoharibiwa na wengi. Twende nayo polepole.

Chukua mshahara ghafi. Usichukue kile kinachoingia benki baada ya makato ya mkopo. Mkopo ni wa mtumishi, gharama ya mwajiri ni ile ya juu. Mfano, 900,000 kwa mwezi. Ongeza anachochangia mwajiri: kwa mtumishi wa serikali ni mfuko wa pensheni wa PSSSF asilimia 15, bima ya afya ya NHIF asilimia 3, na mfuko wa fidia WCF nusu asilimia. Jumla 18.5. Mwezi unakuwa 1,066,500, mwaka 12,798,000. Hospitali ya shirika la dini au ya binafsi ina makato yake, kwa hiyo mhasibu wa pale ndiye wa kuulizwa.

Sasa siku. Wiki 52 mara siku 5 ni 260. Toa sikukuu zinazoangukia siku za kazi; weka 12, kisha uzihesabu upya kila mwaka kwenye kalenda kwa kuwa Idi na Maulidi zinahama. Toa likizo ya mwaka. Hapa kuna mtego: likizo ni siku 28, lakini ni 28 mfululizo, Jumamosi na Jumapili zimo ndani. Kwenye zile 260 zinakula 20 tu. Anayetoa 28 amemnyima muuguzi siku nane za kazi alizofanya. Toa siku 3 za ugonjwa na 10 za semina na vikao. Zinabaki 215. Hii ndiyo hesabu ya muda wa kazi uliopo ambayo Shirika la Afya Duniani linaitumia kwenye mbinu yake ya WISN ya kupima mahitaji ya watumishi, kwa hiyo ukiipeleka halmashauri hakuna atakayeshangaa.

Kila siku ni saa nane, dakika 480. Toa 60 za chai, kukabidhiana na kufungua vyumba. Zinabaki 420. Mara 215 ni dakika 90,300 kwa mwaka. Gawa: 12,798,000 kwa 90,300 ni shilingi 142 kwa dakika.

Linganisha na njia ya mkato. Anayechukua siku 260 na dakika zote 480 anapata shilingi 103. Zaidi ya robo ya gharama ya mtumishi imeyeyuka kabla kazi haijaanza.

Kuna kosa la upande wa pili pia, na hili hufanywa na watu waliosoma. Vitabu vya mbinu hii hupendekeza kuchukua asilimia 80 ya muda wote kama muda halisi wa kazi. Wakishaona hivyo, wanatoa likizo na semina kwanza, halafu wanakata asilimia 20 tena juu yake. Dakika inapanda hadi 155. Semina zimetolewa mara mbili. Chagua njia moja: ama ile ya kukata asilimia kwa mkupuo, ama kutoa siku moja moja. Ya pili ni bora pale ambapo daftari la mahudhurio lipo.

Likizo ya uzazi isipuuzwe. Ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na wauguzi wengi wa zahanati ni kina mama. Usiiingize yote kwenye mwaka mmoja ukamfanya muuguzi huyo aonekane ghali; isambaze kwa watumishi wote wa halmashauri kama wastani wa siku kwa mtu.

Dakika za kazi

Namba ya pili inataka kuangalia kazi. Kwa siku ya Kahe, mgawanyo ulikuwa hivi kwenye mfano wetu. Muuguzi mmoja anaandaa chanjo na kufunga kibebeo, dakika 30. Dakika hizo hupuuzwa sana, na wala si za kubeba tu: vibarafu vikitolewa kwenye friza huachwa nje mpaka ukivitikisa usikie maji yakicheza ndani, la sivyo chanjo kama Penta, PCV na HPV zinaganda na kuharibika. Kisha wote wawili wako njiani dakika 100 kwenda na kurudi, 20 za kupanga meza na elimu ya afya, 180 za huduma yenyewe. Wakirudi mmoja anatumia dakika 40 kuhesabu vichupa, kujaza kitabu namba 7 cha MTUHA, yaani rejesta ya watoto, na kurudisha chanjo kwenye jokofu.

Jumla: 300 mara wawili ni 600, ongeza 70, dakika 670. Mara 142 ni shilingi 95,140.

Kati ya dakika hizo, zilizo mkononi mwa mtoto ni 360, zaidi kidogo ya nusu. Zilizobaki ni barabara, barafu na makaratasi. Anayehesabu dakika 15 kwa mtoto anaandika shilingi 2,130. Ukweli ni 3,964, na bado hatujanunua hata bomba la sindano.

Dakika hizi zinapatikanaje? Ziko njia tatu. Kumfuata muuguzi na saa kunatoa takwimu safi, ila anayetazamwa hubadilika: siku ya kwanza anakimbia, siku ya pili anaeleza kila kitu mara mbili. Tupa siku ya kwanza. Shajara ya kujijazia kwa vipande vya dakika 15 ni rahisi lakini hujazwa jioni kwa kumbukumbu, na kumbukumbu husahau njia. Tunayoipendekeza ni kuchungulia kwa nyakati za bahati nasibu: simu inalia saa isiyotarajiwa, muuguzi anaweka alama kwenye alichokuwa akifanya dakika hiyo. Kama unategemea shughuli ichukue asilimia 30 ya muda na unakubali kukosea kwa asilimia 5 juu au chini, unahitaji alama 323. Wauguzi wawili, mara 15 kwa siku kila mmoja, ni siku 11 za kazi. Siku hizo ziangukie wiki tofauti za mwezi, kwa sababu wiki ya kufunga ripoti haifanani na nyingine yoyote.

Njia, pikipiki na posho

Mafuta ni rahisi: kilomita 36 kwa pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita ni lita 0.9; kwa bei ya mfano ya 3,000 ni 2,700. Ongeza shilingi 40 kwa kila kilomita ya matairi, oili na cheni, 1,440. Muuguzi wa pili amepanda bodaboda, 12,000.

Pikipiki yenyewe ndiyo inayosahaulika, hasa kama ilitolewa na mradi. "Tulipewa" haina maana kwamba haiishi. Tuseme ni ya 3,200,000 na itadumu miaka mitano. Kugawa kwa tano kunakupa 640,000 kwa mwaka, na kwa matumizi ya ndani inatosha. Ukitaka hesabu itakayokubalika kwenye tathmini za kiuchumi, tumia riba ya asilimia 3, ambayo Shirika la Afya Duniani huitumia kwenye tathmini zake za aina hii: gawa kwa 4.58 badala ya 5, upate karibu 698,700. Pikipiki ikitembea siku 150 kwa mwaka, kila siku inabeba 4,658. Kwa kifaa cha miaka kumi kama jokofu la sola, gawio ni 8.53. Tumia bei ya kununua pikipiki mpya leo, siyo ile ya risiti ya zamani.

Posho 20,000 kwa wote wawili. Mabomba ya sindano 30 na sehemu ya boksi la usalama, 5,250. Hapo watu husahau bomba la kuchanganyia: BCG, chanjo ya kifua kikuu, na surua-rubela zinakuja za unga, na kila kichupa kinataka bomba lake.

Jumlisha: 95,140 za muda, 20,798 za usafiri, 20,000 za posho, 5,250 za vifaa. Siku moja ya Kahe ni 141,188 kabla ya chanjo na jokofu. Kwa mtoto, 5,883. Ile hesabu ya kikaoni ya mafuta, bodaboda na posho ilitoa 1,446. Tofauti ni mara nne.

Na wakija watoto 12? Vifaa vinapungua, lakini wauguzi walishashuka na pikipiki ilishakunywa mafuta. Siku inabaki 138,563 na kila mtoto anapanda hadi 11,547. Hili ndilo jambo ambalo wastani wa mwaka hauwezi kukuonyesha, na ndilo lenye faida kwa anayepanga: kuhamishia kituo siku ya gulio, au kuunganisha vitongoji viwili mwezi mmoja, kunashusha gharama kuliko kupunguza posho kwa nusu. Jaribuni kwenye jedwali lenu muone.

Kichupa kilichofunguliwa

Chanjo zinahitaji shiti yake. Kichupa cha BCG kina dozi 20, cha surua-rubela 10. Vikishachanganywa vinadumu saa sita tu au mpaka mwisho wa kikao, kinachotangulia. Watoto watatu wa BCG wakija, dozi 17 zinamwagwa, asilimia 85. Kanuni ni moja gawa kwa moja kutoa upotevu: upotevu wa asilimia 85 unazidisha bei ya dozi mara 6.67, upotevu wa asilimia 30 kwenye surua-rubela, watoto saba kwa kichupa, unazidisha mara 1.43. Penta ni tofauti, kichupa kilichofunguliwa kinaweza kurudi kwenye jokofu na kutumika hadi siku 28 kama masharti ya baridi na usafi yamefuatwa, hivyo usiipe kiwango cha BCG.

Hatari iko kwenye matumizi ya namba hiyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kufungua kichupa cha surua hata kama mtoto ni mmoja. Halmashauri ikianza kumhoji muuguzi kwa upotevu, atamwambia mama arudi mwezi ujao, na mama huyo aliyeacha kibarua cha mpunga Mabogini hatarudi. Kwa hiyo upotevu uingie kwenye gharama, lakini usiwe kipimo cha utendaji wa muuguzi. Tumeona majedwali yenye safu ya rangi nyekundu kwa kila kichupa, ifuteni.

Takwimu zinatoka wapi

Mfumo wa FFARS wa fedha za kituo utakupa fedha zilizopita kwenye akaunti ya zahanati: ruzuku ya moja kwa moja, mfuko wa pamoja, mfuko wa afya ya jamii (CHF). Hautakupa mshahara, unaolipwa na Hazina, wala thamani ya chanjo zilizoletwa bila ankara. Anayejenga gharama kwa FFARS peke yake amekosa vitu viwili vikubwa kuliko vyote. Jedwali liwe na safu mbili kwa kila mstari: fedha iliyotoka kituoni, na thamani iliyotumika bila kujali nani alilipa. Ya kwanza ni ya kuandaa bajeti kwenye PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti wa halmashauri. Ya pili ndiyo ya kulinganisha njia moja na nyingine. Muda wa mhudumu wa jamii anayejitolea unaingia safu ya pili, kwa kiwango cha kibarua cha eneo.

Upande wa kugawia, mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2 unahesabu dozi, na mtoto wa wiki 14 ana dozi kadhaa kwa siku moja. Ukigawa kwa dozi unapata namba nzuri isiyo na maana kwa mama wala kwa mratibu. Rudi kitabu namba 7 uhesabu watoto.

Gharama za pamoja, yaani LUKU, mlinzi, maji, zigawe kwa dakika za watumishi. Kugawa kwa idadi ya wateja kunaitwisha kliniki ya uzito, yenye watoto wengi wa dakika tatu tatu, umeme wa chumba cha kujifungulia kinachowaka usiku kucha. Jokofu peke yake ligawe kwa dozi, kituo na mkoba.

Ipi, kwa nani

Mratibu anayetaka jibu la kijiji na kijiji: jedwali la mwenyewe. Ni shiti tano tu: bei, watumishi, dakika, siku ya mkoba, chanjo. Siku tatu za kulijenga na wiki mbili na ushei za kuchungulia muda. Udhaifu wake ni kwamba halina ulinzi. Mtu akiburuta fomula bila kufunga seli ya bei ya dakika kwa alama ya dola, kila mstari unachukua seli ya chini yake na jumla inaporomoka kimya kimya. Fungeni seli, weka rangi kwa zinazojazwa, na pale juu andikeni mwaka wa bei. Kuchanganya mishahara ya Julai mwaka huu na bei za sindano za miaka mitatu nyuma ni kosa lisiloonekana kwa macho.

Mpango wa mwaka wenye wahudumu wa jamii ndani yake: kitabu cha UNICEF na MSH, kikilishwa dakika na bei kutoka jedwali hilo. Zahanati inayodai watumishi: CORE Plus. OneHealth waachieni Dodoma.

Kwa wa Arusha, hasa njia za Longido na Monduli ambako boma moja liko mbali na jingine, badilisheni kitu kimoja kabla ya kuanza: pimeni njia kwa dakika, msitumie kilomita, na muwe na safari mbili tofauti kwenye jedwali, ya kiangazi na ya masika. Kila moja ipewe idadi yake ya miezi.

Bei ya mafuta EWURA huitangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ikae kwenye seli moja, shiti ya kwanza, ili ikibadilika ibadilishwe mara moja tu.